Nampa Huyu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mtaani alikuwa Fundi Midomo, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani anasimuliwa habari za mwanamke mmbea, wa kuchota maneno huku na kuyamwaga kule. Wapi! Ulimi wake ulikuwa mzito hata wateja wengine walidhani amewanunia. Midomo aliyokuwa fundi wake ni ya watu wengine: ya bibi arusi anayeitikia ndiyo, ya mwalimu mkuu anayesoma hotuba, ya watoto wanaoimba siku ya mahafali. Watu walimletea kanda zao za zamani awahamishie kwenye diski, na diski ikitoka kwake, mtu akifungua mdomo unamsikia pale pale. Kwa mafundi wengine mdomo ulifunguka leo, sauti ikaja kesho.

Maana kasoro hiyo ndiyo ugonjwa wa kazi yenyewe. Kanda ina picha na ina sauti, na zikiwa humo kwenye kanda zinatembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Ukizihamishia kwenye kompyuta, picha inapita njia yake na sauti njia yake, kila moja na hesabu yake ya mwendo. Hesabu hizo zikitofautiana, hata kwa kitu kidogo kisichoshikika, mwanzoni huoni kitu. Dakika ya kumi huoni kitu. Dakika ya thelathini unaanza kujikuna kichwa. Ikifika saa nzima, mtu keshafunga mdomo na kufuta jasho ndipo neno lake la mwisho linasikika.

Alikuwa na kanuni yake, ameiandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi aliyozibia dirisha ili jua lisipige kioo cha kompyuta: MIDOMO HUPIMWA MWISHO. Fundi mvivu hutazama mwanzo, akaona mambo safi, akachoma diski. Yeye alianzia mwisho. Alitafuta mtu anayetamka neno lenye m, au b, au p, kwa kuwa hapo midomo lazima igusane, hakuna ujanja. Ndiyo maana alisema kanda za familia ni rahisi, hazikosi mtu anayeita mama wala baba. Akishaona midomo imegusana wapi na sauti imegota wapi, anajua imechelewa kiasi gani, halafu anaiminya sauti yote kwa kipimo hicho, tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka kila neno linarudi kwa mwenyewe. Yaliyomtesa ni yale maneno yasiyogusanisha midomo. Hao, huko, huyu. Hayo, alisema, hayana pa kushika.

Siku moja sifa zilimponza. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimletea kanda iliyowashinda mafundi wawili, na alipojiona kwenye kioo anazungumza kama binadamu mwenye mdomo wake, alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza amewezaje. Na yeye, ambaye hakuwa na desturi ya kujigamba, akalewa sifa akajibu kwamba akitaka, hata mbuzi atamfanya ahutubie. Mwalimu akaipeleka kauli hiyo dukani, duka likaipeleka kwa kinyozi, na kutoka kwa kinyozi hakuna neno lililowahi kurudi. Mwaka mzima watoto walimpitia dirishani wakilia mee. Naye akicheka nao, masikini, hajui analolifuga.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake. Deki mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri. Kompyuta yenye feni inayokoroma. Meza ya baba ya zamani, bado ina alama ya kikombe. Ukivuka pazia unaingia sebuleni, ukivuka sebule unafika chumba cha wazee, na nyuma ya hapo kipo kijichumba alicholala tangu utoto. Nyumba haikuwa ya kumtoa mtu udenda, ukuta mmoja ulikuwa na ufa unaoingiza kidole. Lakini ndiyo ilikuwa kazi yake, kitanda chake na anwani yake, na hakuwa na nyingine.

Wazazi walizaa watatu. Wa kwanza, kaka mkubwa, ndiye aliyekuwa na kichwa. Baba, mtunza bohari maisha yake yote, alimsomesha mpaka ng'ambo, na kila kilichoweza kuuzwa pale nyumbani kiliuzwa, kasoro kuta na kiwanja kimoja kitupu. Kaka akarudi na shahada, akapata ofisi katika mji wa mbali, akaoa, akawa wa simu za sikukuu. Wa mwisho, mdogo wao wa kike, aliolewa mapema, akaondoka na mumewe. Wa katikati ndiye huyu wetu. Yeye alilipiwa mwaka mmoja wa ufundi wa redio na televisheni, basi, akarudi nyumbani, akabaki. Kila familia ina mmoja anayebaki, na wenzake humwita mwenye bahati.

Mwaka mmoja wote walikutana kwa chakula cha mchana pale nyumbani, bila mke wa kaka wala mume wa mdogo wao, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Fundi Midomo aliazima kamera ya kanda, akaiegesha juu ya kabati ijirekodi yenyewe, naye akaenda kukaa kushoto kwa baba. Kulia kwa baba alikaa kaka, na pembeni ya kaka alikaa baba mdogo, mafua yamemshika, kainamia leso. Mama alikuwa akizunguka na sahani. Mdogo wao alikuwa jikoni anaangalia sufuria. Watu wamekula, wamecheka, saa nzima imepita, ndipo baba akagonga bilauri kwa kijiko na kusema ana neno dogo.

Neno lenyewe lilikuwa dogo kweli. Alisema kiwanja ni cha yule aliye jikoni, akarusha kidole gumba kuelekea huko. Kisha akamnyooshea kidole binti yake wa katikati akasema, "Nyumba hii nampa huyu." Kidole kikahamia kwa kaka. "Huyu nimeshampa chake, nimemsomesha." Akamaliza, akashusha mkono, akauweka begani kwa binti yake, ukakaa pale. Akasema mengine yote ataandika. Baba mdogo akapiga chafya, watu wakacheka, wakaendelea kula.

Hakuandika. Mwaka haujaisha, kiharusi kikamchukua ulimi na upande wa kulia wote. Akaishi miaka sita bila neno. Jamani, miaka sita! Mama alimuuguza mitatu ya kwanza akafa yeye, mgonjwa akabaki, na kazi yote ikamwangukia binti. Alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko na kumfuta masharubu, yale masharubu mazito yaliyofunika mdomo wa juu tangu ujana wake. Wakati mwingine mzee alifungua mdomo, akauzungusha, akahangaika nao, macho yakitaka kusema kitu. Mtaa mzima ulileta midomo pale irudishiwe sauti zake, na mdomo wa mwenye nyumba ulikuwa chumba cha tatu, haukuwa na fundi. Kaka alikuja mara mbili katika miaka hiyo sita. Mara zote mbili alivaa viatu vizuri, na mara zote mbili alikuwa na haraka.

Baba alipokufa, majuma mawili baada ya mazishi, baba mdogo aliita kikao cha ukoo, Jumamosi, sebuleni pale pale. Habari zilikuwa zimeshamfikia Fundi Midomo kwamba kaka anataka nyumba iuzwe, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na dada hana mume wala mtoto, nyumba ya nini? Hakugombana. Alimpigia baba mdogo simu akamwambia marehemu alishasema, na maneno yake yapo kwenye kanda. Ataiweka kwenye diski ili watu wote waone. Baba mdogo akasema haya, ilete, sisi tutafuata alichosema kaka yangu.

Hapa ndipo ninapotaka kumshika mabega nimtikise. Kanda iliyobeba nyumba yake aliiacha mpaka Ijumaa. Juma zima alikuwa anatengeneza mahafali ya watu. Kanda yenyewe ilikuwa imeota ukungu, akajua itakubali kupita kwenye deki mara moja tu, na ikawa hivyo: ilipita yote, ikaingia kwenye kompyuta, na alipoanza kuirudisha nyuma deki ikaitafuna, ikatoka nyuzinyuzi. Alisema haidhuru, nimeshaipata. Akafungua mwanzo atazame. Dakika ya kwanza mama anaingia mlangoni na sahani, anasema, "Mmeshanawa?" Midomo ikagusana kwenye m pale pale, safi. Lakini hakuwa ameisikia sauti ile kwa miaka mitatu. Alilia mpaka akashindwa kuona kioo. Akazima, akaichoma diski kama ilivyo, akachoma na nakala mbili za ndugu zake, akarudi kwenye kazi ya watu iliyokuwa inasubiriwa. Nyuma yake ukutani kadibodi inasema midomo hupimwa mwisho. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na akijinyoa hujikata.

Jumamosi wakakaa. Diski ikawekwa, na baba mdogo akaomba wasipotezewe muda na habari za kula, wapeleke mbele hadi penye neno. Wakapeleka mbele. Mzee akatokea, upande mmoja wa uso kwenye kamera, masharubu yamefunika mdomo, huoni unavyocheza. Hakuna aliyeweza kujua kwamba sauti iko nyuma yake kwa sekunde mbili na nusu.

Sekunde mbili na nusu ni kitu gani? Ni muda wa kidole kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Mzee alirusha gumba kuelekea jikoni, kimya. Kidole kilikuwa kwa binti wakati sauti inasema kiwanja ni cha yule aliye jikoni, na watu wakaona mzee anatafuta tu pa kuweka mkono. Kidole kikatua kwa kaka, kikatulia, na sauti ikasema, wazi kabisa, "Nyumba hii nampa huyu." Kisha mkono ukashuka ukakaa begani kwa binti, kwa upole ule ule alioukumbuka miaka yote, na sauti ikasema, "Huyu nimeshampa chake, nimemsomesha."

Neno huyu halina mwanamume wala mwanamke. Lingekuwa na jinsia, ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine. Lakini huyu ni yeyote aliye mbele ya kidole, na kidole kilikuwa mbele ya kaka.

Baba mdogo akashusha pumzi, akasema basi, mambo yamekwisha, hata mbishi hana la kubisha. Fundi Midomo aliinuka kama aliyekaa juu ya moto. Akasema sauti imechelewa. Akasema sivyo, picha imetangulia, mimi nilikuwepo, alininyooshea mimi. Mdogo wao, ambaye siku ile alikuwa jikoni na hakuona chochote, akamwambia dada, diski si umeileta wewe mwenyewe? Akakubali ni yeye. Aliyeitengeneza nani? Akakubali ni yeye. Wakatazamana. Aliomba saa mbili. Akavuka pazia, akakaa kwenye ile meza, akafanya kazi ambayo angeifanya Ijumaa kama ingekuwa ya mtu baki.

Midomo ya baba haikuonekana, kwa hiyo hakuwa na m wala p ya kushika. Akashika chafya. Kwenye picha baba mdogo anainua kichwa kutoka kwenye leso, anapiga chafya, anajifuta pua, anakunja leso, na ndipo chafya inasikika. Akapima hapo, akaiminya sauti yote kwa kipimo hicho. Mama akarudishiwa maneno yake. Bilauri ikagongwa pale kijiko kilipoigusa. Na baba akamnyooshea yeye kidole akasema neno lake, na mkono ulipotua begani haukuwa na neno lolote, ni mkono tu. Aliitazama mara tatu. Akachoma diski mpya, akairudisha sebuleni ikiwa bado ina joto.

Wakatazama. Akawaonyesha chafya ya kwanza na chafya ya pili, akawaeleza kwa ufasaha ambao hawakuwahi kuusikia kwake kwamba sauti haikuguswa neno kwa neno, imevutwa yote kwa pamoja, chafya ikirudi mahali pake na maneno yote yanarudi mahali pake. Baba mdogo alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, mtu asimseme vibaya. Alikuwa mtu wa bidii ambaye amepewa kesi ya kitu asichokijua.

"Kwa hiyo sauti inahamishika?" akauliza.

Angesema haihamishiki, labda leo angekuwa na nyumba. Lakini kazi ile alikuwa anaiheshimu. "Inahamishika, baba mdogo," akasema.

"Na chafya yangu umeihamisha wewe."

"Nimeirudisha mahali pake."

"Mwanangu, kama umeweza kuhamisha chafya yangu mimi niliye hai, utashindwaje kuhamisha neno la kaka yangu aliye kaburini?"

Mume wa mdogo wao, ambaye hakuulizwa, akasema taratibu kwamba si ndiye aliyesema hata mbuzi atamfanya ahutubie. Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wake ulikuwa umejikwaa mwaka mzima nyuma bila yeye kujua kwamba anatoka damu. Mdogo mtu akaongeza kwamba hata hivyo baba alimsomesha huyo dada vilevile, ufundi huo huo anaowachezea nao leo. Walipotaka kuiona kanda yenyewe, aliwaletea yale mashada ya nyuzi kwenye mfuko wa plastiki, na nyuso zao zikazidi kufunga. Hata kanda ameiharibu!

Alimgeukia kaka. Wakati huo katika dunia nzima walikuwa wamebaki watu wawili tu waliokiona kidole kile kwa macho, yeye na kaka yake. Mama alikiona, akafa. Baba mdogo alikuwa kwenye leso. Na ajabu ya watu, tangu waione ile diski ya kwanza kila mmoja alikuwa amekwisha kukumbuka alichokiona kwenye diski, hata baba mdogo alianza kusema sasa anakumbuka, eeh, ni kweli, kidole kilipita karibu na pua yake. Kaka hakukumbuka kwa sauti. Alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Kaka," akasema Fundi Midomo, "wewe ulikuwepo. Alimnyooshea nani?"

"Mimi nafuata alichosema baba," kaka akajibu.

Hebu sikia jibu hilo. Halina uongo ndani yake, wala ukweli. Ukilipima midomo, inagusana vizuri kabisa.

Baba mdogo akaamua kwamba diski ya kwanza ndiyo ya kufuatwa, kwa kuwa haijaguswa, na ile ya pili iwekwe kando kwa kuwa imeguswa. Fundi Midomo alicheka. Ndugu zake walisema baadaye kwamba kicheko kile kilionyesha dhamiri yake. Mimi nasema alicheka kwa sababu hakuwahi kusikia kazi mbovu ikisifiwa hivyo, na kazi mbovu yenyewe ilikuwa yake. Diski isiyoguswa ndiyo ile aliyosahau kuigusa.

Kaka hakuiuza nyumba. Ofisi yake ilifungua tawi karibu, akahamia yeye mwenyewe na mkewe na watoto, akaziba ufa, akapaka rangi. Fundi Midomo alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Alipata chumba kimoja nyuma ya duka la mshona viatu, kitanda upande huu na deki upande huu, na harufu ya gundi katikati. Kadibodi yake hakuichukua. Watu wa mtaa waliendelea kuleta kanda, wachache kidogo kuliko zamani, na sasa baadhi waliuliza kwa mzaha kama anaweza kumfanya mkwe wao aseme samahani. Hakucheka tena na mtu. Ndipo kwa mara ya kwanza jina lake la utani likawa kama tusi, ingawa watu walilitamka vile vile walivyozoea.

Uchungu wake haukuwa wa kuta tu, msinielewe vibaya. Angeweza kuzisamehe kuta. Ulikuwa ni ule mkono begani. Miaka sita ya kinyesi na uji, kitu alichokuwa anarudi kukishika akichoka ni mkono ule, na sasa ukoo mzima ulikuwa nao kwenye diski ukisema: huyu nimeshampa chake.

Ulipita mwaka na kitu. Mchana mmoja, mshona viatu anagonga nyundo mbele, kaka akainama akaingia chumbani kwake. Alikuwa na diski mkononi, kwenye bahasha ya karatasi. Akaulizia hali, akajibiwa salama. Akaulizia kazi, akajibiwa ipo. Hakukuwa na pa kukaa zaidi ya kitanda, akabaki amesimama, kichwa kikikaribia bati.

Alisema ni watoto. Wanapenda sana kumwangalia bibi yao ambaye hawakumjua, wanaiweka diski ile kila mara. Lakini kuna mahali, katikatikati, mama anacheka kisha anainua bilauri anywe maji, na kicheko kinasikika wakati anakunywa. Watoto wanamuuliza bibi alikuwa anachekaje huku anakunywa maji. Wanamwigiza, wanapaliwa, mmoja ametapika. Alisema haya akijaribu kutabasamu.

"Nikaona nikuletee wewe," akasema. "Hakuna mwingine anayeweza."

Fundi Midomo akanyoosha mkono kuipokea ile bahasha. Kaka hakuiachia.

"Ila pale mwisho," akasema, "pale baba anapoongea. Pale paache palivyo."

Nyundo ya mshona viatu ilipiga mara kadhaa. Wote wawili walikuwa wameshika bahasha moja, huyu upande huu na huyu upande huu. Dada alimtazama kaka usoni, na kaka, kwa mara ya kwanza tangu kikao, hakutazama viatu. Kwa hiyo alijua. Alijua Jumamosi ile, alijua alipopaka rangi, anajua leo. Na alijua kwamba dada anaona anajua, na hakuona haya kiasi cha kumzuia kuomba.

Sasa, kiufundi jambo lile lilikuwa dogo. Unaikata sauti vipande viwili pale baba anapogonga bilauri, kipande cha kwanza unakinyoosha, cha pili unakiacha kichechemee. Ni kazi ya dakika ishirini, mwanafunzi wa mwezi mmoja anaiweza. Fundi Midomo alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Haiwezekani," akasema. "Sauti ni uzi mmoja. Ukivuta mwanzo, mwisho nao unakuja. Nikimrudishia mama kicheko chake, na baba atasema alichosema."

Aliposema kweli mbele ya ukoo mzima, na chafya mbili za ushahidi, hakuna aliyemwamini. Huu ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kazi ile, hauna hata ushahidi, na kaka aliuamini papo hapo. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa na daktari.

Pengine alikuwa anapima, mama upande mmoja, nyumba upande mwingine. Dada hakumharakisha. Kaka angesema neno moja tu, angesema haya, vuta yote, dada angeivuta yote pale pale, na Mungu anajua asingedai hata mlango mmoja wa nyumba ile. Nasema kweli asingedai.

"Basi iache hivyo hivyo," kaka akasema.

Akaichukua bahasha yake, akainama, akatoka. Fundi Midomo akawasha kompyuta. Palikuwa na kanda ya mahafali ya mtu, ya kutolewa jioni. Akaipeleka mpaka mwisho na kuanza kutafuta midomo inayogusana.

Ile diski bado inachezwa nyumbani kwa kaka. Bibi anakunywa maji huku anacheka, na watoto siku hizi hawaulizi tena, wameshazoea.